UZI: wake_up() inaahidi nini hasa? Nataka kuandika komenti ya draiva, kila nyaraka inaniambia lake

#1 Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Wakuu salaam. Mnaoijua kerneli ya Linux kwa ndani, njooni.

Kuna kazi ya vifaa vya kupima kina cha maji ziwani, mradi wenyewe siutaji. Draiva niliyoandika ni ndogo. Intarapti ikija, upande mmoja unaweka kipimo kwenye bafa, unawasha `tayari`, unaita wake_up(), kazi ya kerneli ya kumwamsha aliyelala kwenye foleni. Upande wa pili umelala, ukiamka unasoma bafa.

    /* upande wa intarapti */
    d->bafa = kipimo;
    WRITE_ONCE(d->tayari, 1);
    wake_up(&d->foleni);

    /* upande wa msomaji */
    wait_event_interruptible(d->foleni, READ_ONCE(d->tayari));
    x = d->bafa;
    WRITE_ONCE(d->tayari, 0);

Kwenye laptopu ya x86 naigiza intarapti kwa taima, inakwenda kutwa nzima haikosei. Kwenye bodi ya ARM ya kore nne, mara mojamoja x inakuja na kipimo cha zamani. Si takataka, ni namba halali kabisa, ila ya duru iliyopita.

Dawa naweza kuipata hata kwa kubahatisha. Kinachoniuma ni kingine. Anayekagua kazi anataka juu ya kila mstari wa namna hii niandike komenti: unategemea mpangilio gani (kipi lazima kionekane kabla ya kipi), na nani anauhakikisha. Nimefungua memory-barriers.txt (waraka wa kerneli kuhusu mpangilio wa kumbukumbu), nimesoma komenti zilizo juu ya msimbo wa wake_up, nimesoma maelezo ya wait_event (ya kulala hadi sharti litimie). Kila mahali maneno yake.

Msimamo wangu: kila kitu cha kerneli kinacholaza au kuamsha kiandikiwe ahadi yake kwa sentensi moja. Ikishindikana kuandikwa, kifutwe. Anayebisha aje.

#2 Asali_ya_Sikonge (Tabora)

Naweka kambi hapa. Wajuzi mpite.

#3 FundiRedio (Tabora mjini)

Hilo dogo sana mkuu. Weka `volatile` kwenye bafa, kalale.

#4 binti_Ujiji

@FundiRedio usimpoteze mwenzio. `volatile` inaibana kompaila, prosesa haina habari nayo. Kerneli yenyewe ina waraka mzima wa kuikataza. Na READ_ONCE ndani yake ni volatile hiyohiyo, imetumika pale tu inapotakiwa.

Mgebuka, jibu lako lipo ila limeandikwa kwa masharti. memory-barriers.txt, sehemu ya kulala na kuamsha: wake_up() inatekeleza kizuizi kamili cha kumbukumbu (amri inayozuia usomaji na uandishi wa kabla na wa baada yake usipishane) kabla ya kuigusa hali ya taski, endapo imemwamsha mtu kweli. Kama hakuna aliyeamshwa, kizuizi kinaweza kuwepo, kinaweza kisiwepo.

Sasa rudi kwenye msimbo wako. wait_event inapima sharti kwanza, kabla ya kufikiria kulala. Ikikuta tayari ni 1 inatoka palepale. Haijashika loki ya foleni, haijapita set_current_state() (inayobadilisha hali ya taski), haijakutana na kizuizi chochote. Kilichobaki ni kusoma tayari, halafu kusoma bafa, na kati yake kuna "kama" peke yake. Hiyo "kama" inazuia maandishi yanayofuata yasitangulie, usomaji unaofuata haiuzuii. ARM ina ruhusa ya kuisoma bafa mapema kabla haijajua tayari ni ngapi.

Upande wa mwandishi nao una shida yake: bafa na tayari ni maandishi mawili ya sehemu mbili tofauti, na hakuna kitu kati yake. x86 haipindui maandishi kwa maandishi wala usomaji kwa usomaji, ndiyo maana laptopu yako inakubembeleza.

#5 Kaliua_Jankshen (Tabora)

Dada hapo kwenye kizuizi kamili sikubaliani. Mimi nimesoma kwamba wake_up inatoa kizuizi cha kuandika tu. Na nilisoma humohumo unamosema wewe.

#6 Mzee_wa_Kibirizi (Kigoma)

@Kaliua umesoma toleo la zamani. Zamani waraka ulisema hivyo kweli. Mwaka 2018 Andrea Parri alileta pachi ya kurekebisha sehemu ile, na hoja yake ilikuwa kwamba utekelezaji umebadilika, matarajio ya watumiaji yamebadilika, maandishi yamebaki nyuma. Tangu hapo ni kizuizi kamili, kwa sharti lile alilotaja binti.

Kwa hiyo wote wawili mna haki ya kuwa na nakala zenu. Ndiyo hasara ya maandishi yanayokimbizana na msimbo.

#7 Mgebuka_Mkavu

Shikamoo mzee. Kwa hiyo miaka yote hiyo waraka ulikuwa unasema kitu kimoja na msimbo unafanya kingine, na watu wanaandika draiva?

#8 Mzee_wa_Kibirizi

Marahaba. Na waraka wenyewe umejikinga, mwanzoni kabisa unatangaza kwamba wenyewe si sheria ya mwisho na una mapungufu, mengine ya makusudi kwa ajili ya ufupi na mengine kwa sababu waandishi ni binadamu.

#9 Root_wa_Nzega

Mnajisumbua na makaratasi. Msimbo ndio ukweli. Fungua kernel/sched/core.c, soma try_to_wake_up(), utaona kizuizi kipo mstari gani. Komenti inadanganya, msimbo haudanganyi.

#10 binti_Ujiji

@Root msimbo unakuonyesha leo inafanya nini. Haukuambii kesho wana ruhusa ya kubadilisha nini. Ukitegemea kitu ulichokiona ndani ya try_to_wake_up ambacho hakuna aliyekuahidi, siku wakikiondoa ili kuongeza kasi utamlaumu nani?

Halafu msimbo wa ARM na wa x86 si mmoja. smp_wmb() (kizuizi cha kuandika) kwenye x86 ni zuio la kompaila tu, kwenye ARM64 ni amri halisi ya prosesa. Utasoma upi ndio uuite ukweli?

#11 Root_wa_Nzega

Nitasoma wa mashine ninayoitumia 😄

#12 Kaliua_Jankshen

Ngoja niliweke kwa lugha ya reli maana hapa kuna watu wameshapotea. Njia ni moja. Treni haiingii kipande cha kati ya stesheni mbili bila kibali mkononi. Kibali kikiwa na mmoja, mwingine anasubiri. Kizuizi cha kumbukumbu ndiyo hicho kibali. Marehemu baba alikuwa stesheni masta, haya mambo nimekulia.

#13 Mzee_wa_Kibirizi

Pole kwa mzee. Ila ulichoeleza hapo ni loki. Kibali kinazuia wawili wasiingie pamoja. Shida ya Mgebuka si kuingiliana.

Ukitaka kubaki relini, iwe hivi: Tabora wameachia mabehewa ya mahindi kwanza, ya chumvi baadaye. Pale Kaliua njia inagawanyika, moja Kigoma nyingine Mpanda. Mtu wa Kigoma anaona chumvi imefika, anaandika kwenye daftari "basi na mahindi yapo", na mahindi bado yako njiani. Hakuna ajali, kila treni ilikuwa na kibali chake. Kosa ni kukisia lililotangulia kwa kuona lililofuata.

#14 Asali_ya_Sikonge

Watu wa Kigoma kuchelewa kuona mambo ni kawaida. Reli ilifika Tabora 1912, wao wameiona 1914.

#15 binti_Ujiji

Sisi ni mwisho wa reli, nyie ni mahali pa kubadilishia behewa. Tuendelee na mada.

#16 Tumbaku_Kavu (Urambo)

Hoja ya mtoa mada ya "ikishindikana kuandikwa ifutwe" mnaipita kama utani, na imewahi kutokea kwelikweli. Kulikuwa na spin_unlock_wait(). Kazi yake kusubiri loki iachiwe bila wewe kuishika. Walipokaa kuandika inaahidi nini wakakuta hakuna maana moja inayokubalika. Wengine waliichukulia kama kushika na kuachia loki. Wengine waliiona kama kusoma tu, basi. Wakawapitia waliokuwa wakiitumia, wakakuta wote wanaweza kutumia kushika na kuachia wakabaki salama. Ikatolewa toleo la 4.14, mwaka 2017.

Kwa hiyo kuandika nyaraka kuliiua. Mimi nampa mtoa mada kura.

#17 Root_wa_Nzega

Hiyo moja. Alpha je? Kizuizi cha smp_read_barrier_depends() kilikuwa kimeandikwa vizuri, kurasa kwa kurasa, na bado watu walikuwa wanakisahau. Dawa haikuwa maandishi zaidi. Toleo la 4.15 wakakichomeka ndani ya READ_ONCE upande wa Alpha, na 5.9 wakakifuta kabisa kama kitu cha kuita mwenyewe. Ahadi nzuri ni ile ambayo mtumiaji hahitaji kuisoma.

#18 binti_Ujiji

Hapo nakukubali, na sikutegemea.

#19 Mwanafunzi_Msimbo (Tabora)

Samahani wakubwa, Alpha ni nini?

#20 Mzee_wa_Kibirizi

Prosesa za kampuni ya DEC, miaka ya 90. Ukisoma pointa kisha ukafuata pointa hiyo, Alpha peke yake iliweza kukupa data ya zamani nyuma ya pointa mpya. Kache yake (kumbukumbu ndogo ya karibu na prosesa) iligawanywa mafungu, fungu moja likiwa na kazi nyingi habari zinachelewa. Imekufa sokoni, ila kwenye nyaraka za kerneli iliishi sana.

#21 Tumbaku_Kavu

Turudi. Kuna njia ya tatu kati ya "soma waraka" na "soma msimbo". Tangu 4.17 (2018) ndani ya kerneli kuna saraka tools/memory-model. Humo modeli imeandikwa kihesabu na unaiendesha kwa herd7 (programu ya kujaribia modeli kama hizo). Walioileta ni Jade Alglave, Luc Maranget, Paul McKenney, Andrea Parri na Alan Stern. Swali la Mgebuka ni jaribio la kwanza kabisa la kitabuni, linaitwa MP (message passing, kupitisha ujumbe). Nimeliendesha sasa hivi:

    herd7 -conf linux-kernel.cfg litmus-tests/MP+poonceonces.litmus
    ...
    Observation MP+poonceonces Sometimes 1 3

Maana yake: njia nne zinawezekana, na moja kati ya hizo ndiyo ile mbaya, umeona tayari=1 na bafa ya zamani. Modeli inairuhusu. Sasa lile la release (kuandika baada ya yote yaliyotangulia) na acquire (kusoma kabla ya yote yanayofuata):

    Observation MP+pooncerelease+poacquireonce Never 0 3

Never. Mjadala umekwisha, andika smp_store_release() huku na smp_load_acquire() kule.

#22 Kaliua_Jankshen

Kumbe kuna mashine ya kuamulia na sisi tunagombana hapa.

#23 binti_Ujiji

@Tumbaku umejibu MP, hujajibu wake_up. Kazi za kulaza na kuamsha hazimo kwenye modeli ile. Ina usomaji, uandishi, vizuizi, atomiki, loki, RCU (njia ya kusoma bila loki). Ukitaka kujua wake_up itafanyaje lazima uitafsiri mwenyewe kuwa vizuizi, na ukiitafsiri umesharudi kwenye ule waraka wenye masharti.

#24 Tumbaku_Kavu

Sawa, lakini faida ya jibu ni kwamba haimhitaji wake_up tena. Release na acquire zinabeba mzigo, wake_up inabaki kuwa kengele.

#25 Bandari_ya_Ng'ambo (Kigoma)

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza kitu cha msingi. @Mgebuka kipimo kinaingiaje? SPI? I2C? (njia za kuunganisha vifaa na prosesa) Na unakisomaje ndani ya intarapti, maana spi_sync() inalala.

#26 Mgebuka_Mkavu

SPI mkuu. Natumia request_threaded_irq, kwa hiyo upande huo una ruhusa ya kulala. Baiti nne kila duru.

#27 Bandari_ya_Ng'ambo

Bafa ya kupokelea baiti hizo umeiweka wapi?

#28 Mgebuka_Mkavu

    struct kipimo_dev {
        struct spi_device *spi;
        u8 rx[4];
        int tayari;
        u32 bafa;
        wait_queue_head_t foleni;
    };

#29 Bandari_ya_Ng'ambo

Haya. Watu mmekesha na herd7 na Alpha, kumbe rx imepangiwa chumba kimoja na tayari!

Kontrola ya SPI ikiamua kutumia DMA, data inaandikwa moja kwa moja kwenye RAM, kache haijui. Kerneli inajitahidi kuifuta kache ya eneo hilo ili usome kipya. Lakini kache inafutwa kwa mistari mizima, si kwa baiti nne. Msomaji kwenye kore nyingine akiandika tayari = 0 katikati ya uhamisho, ule mstari wa kache unachafuka ukiwa na rx ya zamani ndani yake. Kwenye bodi ambayo DMA haiongei na kache, hapo unapata namba halali ya duru iliyopita. x86 DMA inaongea na kache, kwa hiyo hutaona. Dalili zako zote zimeingia.

Itenge rx, kmalloc yake peke yake au ipangwe kwenye mstari wake wa kache. Hii haihusiani na modeli ya kumbukumbu hata chembe.

#30 FundiRedio

Nimeshika kichwa.

#31 Root_wa_Nzega

Baiti nne? Kontrola nyingi kwa uhamisho mfupi hivyo haziwashi DMA, prosesa inasukuma yenyewe. Nadharia nzuri, sidhani kama inamhusu.

#32 Bandari_ya_Ng'ambo

Nyingi si zote. Afungue draiva ya kontrola yake aone kizingiti ni baiti ngapi.

#33 Tumbaku_Kavu

Na hata ikiwa hivyo, hitilafu ya mpangilio ipo palepale, imethibitishwa. Anaweza kuwa na zote mbili.

#34 Mzee_wa_Kibirizi

Mwanangu Mgebuka, swali moja kabla hawajakuongezea la nne. Kipimo cha zamani kinajirudia, au kuna kipimo kinarukwa?

Nauliza kwa sababu msomaji wako anaisoma bafa, halafu ndiyo anazima tayari. Katikati ya mistari hiyo miwili intarapti ikija, inaandika kipimo kipya na kuwasha tayari ambayo tayari ni 1. Wewe unakuja kuizima. Kipimo kile kimepotea, na ukilinganisha na saa utadhani umepewa cha zamani. Hilo si la ARM wala la kache, x86 nayo inalo, ila taima yako ya kuigiza ina mwendo uleule kila mara, haiwezi kuangukia hapo.

#35 Mgebuka_Mkavu

Mzee, nimepitia logi. Kuna pahala kinajirudia na kuna pahala kinarukwa. Kujirudia ni kwingi zaidi.

Nimebadilisha release/acquire peke yake, rx sijaigusa. Kujirudia kumepungua sana lakini hakujaisha. Kurukwa kupo vilevile.

#36 Bandari_ya_Ng'ambo

Kilichobaki cha kujirudia ni changu.

#37 Tumbaku_Kavu

Au ni kompaila. bafa unaisoma na kuiandika kawaida, sasa sijui na hiyo release umeiandikaje. Toa objdump (msimbo wa mashine uliotoka kwa kompaila) ya kazi ya msomaji tuone. Pia washa KCSAN (kitambuzi cha migongano ya data ndani ya kerneli), ipo tangu 5.8, itakutajia mistari inayogombana.

#38 Mgebuka_Mkavu

Nitaitoa. Wakati huohuo rasimu ya komenti ndiyo hii, mnikosoe:

    /*
     * Inafungamana na smp_load_acquire() ya kipimo_soma().
     * Bafa lazima ionekane kabla ya tayari.
     * Hatutegemei kizuizi cha wake_up(): huenda hakipo
     * kama hakuna aliyelala.
     */
    smp_store_release(&d->tayari, 1);

#39 Root_wa_Nzega

Futa mstari wa tatu. Komenti iseme unachotegemea. Ukianza kuorodhesha usivyovitegemea hutamaliza.

#40 binti_Ujiji

Huo ndio mstari pekee wenye thamani. Mwakani atakuja mtu "kurahisisha", ataona wake_up ipo chini yake, atasema kizuizi kipo tayari hapa, atairudisha WRITE_ONCE. Mstari huo unamshika mkono.

Wa kuguswa ni wa pili. "Ionekane kabla" na nani? Release haitangazi saa kwa dunia nzima. Inasema: yule ambaye acquire yake imesoma hii 1, huyo ataiona bafa. Asiyesoma 1 hii hajaahidiwa kitu. Andika hivyo.

#41 Tumbaku_Kavu

Kwa ARMv8 "ionekane kabla" inakaribia kuwa sawa, andiko likionekana kwa kore nyingine moja limeonekana kwa zote.

#42 binti_Ujiji

Na kwa prosesa za Power haipo hivyo. Komenti inakaa kwenye kerneli, haikai kwenye bodi yake.

#43 Kaliua_Jankshen

Mimi bado nasema baba angeelewa ile ya kibali. Na loki moja tu ingemaliza yote haya, spin_lock, spin_unlock, watu tungekuwa tunakula.

#44 Mzee_wa_Kibirizi

Hapa umesema kweli. Loki ingefunga la mpangilio na hata la kurukwa, mradi kusoma bafa na kuzima tayari viwe ndani ya loki moja. La Bandari lisingeguswa.

#45 Asali_ya_Sikonge

Migebuka bei gani huko siku hizi? Kuna mtu anashuka na treni.

#46 Bandari_ya_Ng'ambo

Njoo PM.

#47 Mwanafunzi_Msimbo

Samahani tena. Kwa nini asitumie kfifo (foleni ya data iliyomo kwenye kerneli)? Nimesoma kwamba mwandishi akiwa mmoja na msomaji mmoja haihitaji loki, na kipimo hakitarukwa kwa sababu kuna foleni.

#48 Tumbaku_Kavu

Dogo ametushinda wote.

#49 binti_Ujiji

Kwa draiva, ndiyo. Kwa komenti bado: nani atamwandikia mkaguzi kwamba kfifo inahakikisha data inatangulia namba ya foleni, na imeahidi wapi? Maelezo yanasema huhitaji loki ya ziada. Kuhusu mpangilio unakuta smp_wmb() ndani ya msimbo, umerudi kwa Root.

#50 Root_wa_Nzega

Karibu nyumbani 😄

#51 Mgebuka_Mkavu

Asanteni wakuu. Natenga rx kwanza, naiendesha hivyo, kfifo baadaye, nisije nikabadilisha vyote nikakosa kujua kipi kilikuwa kipi. objdump naiweka kesho, bodi iko kazini.

#52 Mwanafunzi_Msimbo

Na seqlock (loki ya namba za mfuatano) je, ni hivyohivyo?

#53 Mzee_wa_Kibirizi

Hiyo fungua uzi wake.